Je, Wajua? Kipaji Bila Cheti

Je, wajua kwamba mtoto wa miaka 13 wa Lembeni, Mwanga, anaweza kusajiliwa na klabu ya Taveta, Kenya, bila kuvunja kanuni za FIFA? Kwa kawaida mchezaji hahamii klabu ya nchi nyingine kabla hajatimiza miaka 18. Watu wa mpakani wana nafuu yao: nyumbani pasizidi kilomita 50 kutoka mpakani, klabu vilevile, na kati ya nyumbani na klabu zisizidi 100. Lembeni imo, maana hata Ziwa Jipe, ambalo mpaka unalikata, liko wilaya hiyohiyo ya Mwanga. Sharti mtoto aendelee kulala kwao, na mashirikisho ya soka ya nchi zote mbili yaridhie. Nauli ya kuzunguka milima ya Upare ni juu ya baba.

Je, wajua kwamba malezi hulipwa? Mchezaji akiuzwa nje, asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Akiuzwa euro milioni 10, kila mwaka wa malezi kati ya 12 na 15 ni euro 25,000. Kuanzia 16, ni 50,000. Lakini fedha hufuata usajili. Kocha aliyemfundisha chini ya mbuyu, filimbi mdomoni, fomu hana, ataangalia mechi kwenye kibanda umiza kama sisi wengine.

Je, wajua kwamba Mbwana Samatta hakulelewa na akademi yoyote kubwa? Alianzia Kimbangulile ya Mbagala, akapita African Lyon na Simba, akaenda TP Mazembe mwaka 2011 akiwa na miaka 18. Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza katika Ligi Kuu ya England.

Lakini klabu ya Azam, kule Chamazi, iliwekeza kwenye akademi. Ndiko walikotoka Himid Mao na Farid Mussa.

Je, wajua kijeba hukamatwa kwa mkono? Tangu Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17 mwaka 2009, FIFA hupiga picha ya MRI ya kifundo cha mkono. Mfupa wa pale ukiwa umeshaungana kabisa, kijana karibu hakika ameshapita 17, hata mjomba aape vipi. Na sisi tumeonja pande zote mbili za shubiri hiyo. Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana wa chini ya miaka 17, walifuzu fainali za Afrika za 2005, wakaondolewa kwa kuchezesha aliyezidi umri. Mwaka 2017 walikwenda fainali za Gabon baada ya Congo-Brazzaville, waliokuwa wamewatoa, kushindwa kumpeleka mchezaji wao kupimwa. Kilio kilekile, msiba umehamia kwa jirani.

Je, wajua timu ya kwanza ya soka ya Tanzania kucheza Kombe la Dunia lolote la FIFA ni ya mabinti? Serengeti Girls, wa chini ya miaka 17, India, 2022: waliifunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali. Anayedhani akademi ni ya wavulana ahesabu upya.

Mzazi wa Lembeni, mpira wa matambara mtoto atajishonea mwenyewe. Lakini cheti cha kuzaliwa, cha kuthibitisha umri wake, hutolewa na RITA, wakala wa usajili, na wa kukifuata ni wewe.