Tairi Kubwa kwenye Pikapu Iliyopandishwa Pua

Pikapu mpya husimama ikiwa imeinamia mbele kidogo. Ni makusudi ya waliolibuni gari hilo: bodi ya nyuma ikishapakiwa mzigo, springi za nyuma hushuka na gari hukaa sawa. Marekani, ambako pikapu nyingi ndizo gari la familia na bodi hukaa tupu siku nyingi, wenye magari wengi wanauona mwinamo huo kuwa kasoro. Dawa yao ni kuweka spesa ya chuma juu ya shokapu za mbele mpaka pua ipande kama sentimita 5 na gari lionekane limenyooka. Baada ya hapo madigadi za mbele huonekana zimebaki na uwazi mkubwa, na mwenye gari huanza kuulizia tairi kubwa. Kwenye Ford F-150 yenye tairi za kiwandani za inchi 32, wengi huruka moja kwa moja hadi inchi 35. Huku kwetu swali hilo huulizwa zaidi na wenye Hilux, basi nitaanza na namba za Hilux.

Tairi la Hilux nyingi za kizazi kilichoanza 2015 limeandikwa 265/65R17. Upana wake ni milimita 265. Namba 65 ni asilimia: kimo cha ubavu wa tairi ni asilimia 65 ya upana huo, yaani milimita 172. Rimu ni inchi 17, sawa na milimita 432. Jumlisha rimu na mbavu mbili, juu na chini, upate kimo cha milimita 776. Ukipanda hadi 265/70R17 unapata 803. Ukienda 285/70R17, ambalo vijana wengi hulitamani, unafika 831. Kutoka tairi la kiwandani hadi hilo la mwisho ni ongezeko la milimita 55, lakini gari lenyewe linainuka nusu tu, kama milimita 27, kwa sababu nusu nyingine imeenda juu ya ekseli, kwenye madigadi. Tairi pia limeongezeka mbele na nyuma yake, na huko ndiko linakogusa.

Hapa pana jambo ambalo wauzaji wa spesa hawalielezi vya kutosha. Spesa inaongeza uwazi gari likiwa limesimama. Hilux ina stopa ya mpira kwenye chesisi, inayouzuia mkono wa chini wa sasipensheni usipande kupita kiasi. Spesa haiigusi stopa hiyo. Ukiingia shimoni kwa kasi, au ukavuka tuta bila kupunguza mwendo, gurudumu litapanda hadi mahali palepale lilipokuwa likifika kabla hujaongeza chochote. Kwa hiyo uwazi wa sentimita nyingi unaouona gereji hautakusaidia pale unapouhitaji: gurudumu limebanwa juu, na usukani umekatwa hadi mwisho.

Ukikata usukani, tairi huchora tao. Ukingo wake mmoja huelekea nyuma, mahali kabini inapofungiwa kwenye chesisi, na mwingine huelekea kwenye bampa na plastiki ya ndani ya madigadi. Plastiki inaweza kusogezwa au kupunguzwa kwa kisu. Chuma cha kufungia kabini hakikatwi ovyo. Ukiona fundi anashika grainda bila kukueleza atakavyokichomelea upya na kukizuia kisioze, lichukue gari lako uondoke.

Rimu nazo zina sehemu yake. Kila rimu ina namba ya ET, inayoonyesha uso unaofungwa kwenye habu uko milimita ngapi kutoka katikati ya rimu. Ukitoa rimu ya ET 30 ukaweka yenye upana uleule lakini ET 0, gurudumu linasogea nje milimita 30. Mwonekano hupendeza, tairi linajipanua nje ya bodi, na tao linalochorwa linakuwa kubwa zaidi. Ndiyo maana tairi lisilogusa kwenye rimu ya kiwandani huanza kukwaruza ukibadilisha rimu tu. Lakini tairi pana kwenye rimu ya kiwandani huweza kusugua upande wa ndani, kwenye mkono wa juu. Lazima upime pande zote mbili.

Kipimo ninachokiamini hakihitaji mashine. Inua gari, liweke juu ya stendi imara, toa shokapu na springi yake, ufunge tairi jipya. Kwa jeki ndogo, pandisha gurudumu polepole hadi mkono wa chini ukutane na stopa. Kata usukani kulia hadi mwisho, kisha kushoto, huku ukipitisha vidole kuzunguka tairi. Mahali vidole visipopita ndipo patakapokwaruza. Rudia upande wa pili, maana pande mbili za gari hazilingani kabisa. Duka la tairi linalokataa kukupa nafasi ya kujaribu tairi moja kabla hujalipia matano, liache.

Pua ikipanda, mhimili ambao gurudumu huuzunguka likikata kona hupunguza kuegemea nyuma. Usukani hulegea kwenye kasi, haurudi wenyewe baada ya kona, na dereva anachoka kwa kulirekebisha gari kila wakati. Alaimenti ni ya lazima siku hiyohiyo. Fundi mzuri atazungusha boliti za mkono wa chini ili gurudumu lisogee mbele kidogo: kuegemea kule kunarudi, na tairi linajitenga na chuma cha kabini.

Mita ya mwendo nayo inadanganywa. Kwa 285/70R17, kila mzunguko unakupeleka asilimia 7 mbali zaidi. Mita ikisoma 50, huenda unakwenda 53, na askari mwenye tochi hatajali umebadilisha tairi. Kilomita zinazosomeka pia ni pungufu, jambo la kukumbuka unaponunua pikapu ya mtu. Injini nayo inaibeba gharama ya tairi kubwa. F-150 yenye difu ya uwiano wa 3.55 ikivaa inchi 35 inajiendesha kana kwamba difu ni 3.25, nguvu ya kuondoka na mzigo inapungua, na breki zinasimamisha gurudumu refu na zito zaidi.

Kwa anayebeba magunia, mabomba au maji kila wiki, ushauri wangu ni kuuacha mwinamo wa kiwandani. Pikapu iliyosawazishwa ikiwa tupu itakaa matako chini ikipakiwa, taa zikiangaza macho ya wanaokuja mbele. Hata asiyebeba mzigo arekebishe taa baada ya kupandisha pua. Asome pia namba ya uwezo wa mzigo ubavuni mwa tairi: 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, na asishuke chini ya ile ya kiwandani. Mimi hupendelea 265/70R17 kwenye rimu ya asili: unapata kimo zaidi kwenye barabara mbovu kwa shida kidogo sana.

Kisha kagua nafasi ya spea chini ya bodi, kama tairi jipya linaingia na kufungika. Spea ya ukubwa wa zamani ukiifunga kwenye ekseli moja na kuingiza gia ya magurudumu manne kwenye lami kavu, propela shafti za mbele na nyuma zitalazimishwa kuzunguka kwa kasi moja huku ekseli zikitaka kasi tofauti, zitavutana, na difu zinaweza kuumia.