Badiliko la kikemia

Badiliko la kikemia ni badiliko ambalo dutu moja au zaidi hugeuka kuwa dutu nyingine zenye sifa tofauti. Hutokea atomi zinapoachana na kuungana upya kwa mpangilio mwingine. Katika badiliko la kiumbo dutu hubaki ileile, ingawa sura au hali yake (yabisi, kiowevu au gesi) hubadilika. Katika aina zote mbili jumla ya masi haiongezeki wala haipungui. Kanuni hiyo huitwa hifadhi ya maada.

Mifano ya mabadiliko hayo iko katika shughuli za kila siku. Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoa wa Manyara, kaskazini mwa Tanzania, yanaonekana katika uvunaji wa chumvi, uhunzi, utengenezaji wa pombe ya asali na matumizi ya mkaa.

Tofauti na badiliko la kiumbo

Chini ya mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, kuna ziwa Balangida lenye maji ya chumvi. Wakati wa kiangazi maji mengi hugeuka mvuke, na chumvi hubaki juu ya ardhi, ambapo wakazi huivuna. Hilo ni badiliko la kiumbo: chumvi ilikuwamo majini tangu mwanzo, na ikirudishwa majini huyeyuka tena. Maji nayo hayakupotea, bali yamo hewani.

Wahunzi Wadatoga hupasha moto vyuma chakavu na kuvifua kuwa visu, mikuki na vichwa vya mishale. Chuma kikilainika na kupata umbo jipya, bado ni chuma. Lakini magamba meusi yanayobanduka juu yake wakati wa kufuliwa ni oksidi ya chuma, iliyotokea chuma kilipoungana na oksijeni ya hewa. Hivyo kazi moja inaweza kuwa na mabadiliko ya aina zote mbili.

Ishara

Ishara za kawaida za badiliko la kikemia ni hizi:
- Rangi mpya: jembe lililoachwa kwenye unyevu hupata kutu.
- Harufu au ladha mpya: maziwa huchacha.
- Gesi: asali iliyochanganywa na maji hutoa mapovu inapochachuka kuwa pombe.
- Joto au mwanga: kuni huwaka.
- Chembe yabisi ndani ya kiowevu: maji ya chokaa yaliyo maangavu hugeuka meupe yakipulizwa pumzi.

Ishara moja peke yake haitoshi. Maji yanayochemka hutoa mapovu, lakini ndani yake mna mvuke wa maji yaleyale. Chuma chekundu motoni hutoa mwanga bila kuacha kuwa chuma. Swali la msingi ni hili: je, dutu mpya imetokea?

Hifadhi ya maada

Katika miaka ya 1770 mwanakemia Mfaransa Antoine Lavoisier (1743–1794) alipasha moto metali ndani ya vyombo vilivyozibwa, akavipima kabla na baada. Uzito wa chombo pamoja na vilivyomo haukubadilika. Mwaka 1789 alieleza kanuni hiyo katika kitabu chake cha kemia.

Kanuni hiyo huonekana kukosewa pale gesi inapohusika. Gunia la mkaa likiisha kuteketea, majivu yanayobaki ni machache sana. Sababu ni kwamba mkaa kwa sehemu kubwa ni kaboni, nayo huungana na oksijeni na kuondoka ikiwa dioksidi kabonia. Kilo 3 za kaboni zikiungua kabisa hutumia kilo 8 za oksijeni na kutoa kilo 11 za gesi hiyo. Gesi inayotoka ina masi kubwa kuliko mkaa wenyewe.

Vivyo hivyo, gramu 180 za glukosi zikichachuka zote hutoa gramu 92 za alkoholi na gramu 88 za dioksidi kabonia. Kwa hiyo kibuyu cha pombe kilicho wazi hupungua uzito. Chombo kilichozibwa kabisa hakipungui, lakini kinaweza kupasuka kwa shinikizo la gesi.

Hatari ya gesi isiyoonekana

Mahali penye oksijeni kidogo, kaboni haiungui kabisa. Hapo gramu 12 za kaboni huungana na gramu 16 tu za oksijeni na kutoa gramu 28 za monoksidi kabonia. Gesi hii ni sumu, haina rangi wala harufu. Hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu kuliko oksijeni, na kuunyima mwili oksijeni. Dalili za kwanza ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Baadaye mtu hupoteza fahamu na anaweza kufa.

Katika nyanda za juu kama Mbulu, ambako usiku wa Juni na Julai huwa na baridi kali, jiko la mkaa huweza kuonekana salama ndani ya chumba kwa kuwa mkaa uliokolea hautoi moshi. Kukosekana kwa moshi hakumaanishi kwamba hakuna kinachotoka. Kwa sababu hiyo jiko la mkaa halifai kuachwa likiwaka katika chumba cha kulala kilichofungwa. Mtu mwenye dalili hizo anapaswa kutolewa nje mara moja penye hewa safi na kupelekwa hospitali.