Oksidi za Naitrojeni: Kutoka Tanuri la Makaa ya Mawe hadi Kifuani mwa Mgonjwa

Mwezi Mei 2003, majimbo kadhaa ya kaskazini-mashariki mwa Marekani yalianza kutekeleza mpango mpya wa kudhibiti moshi wa vituo vya umeme, hasa vile vinavyochoma makaa ya mawe. Mpango uliweka kikomo cha oksidi za naitrojeni zinazoweza kutolewa kati ya Mei na Septemba, miezi ya joto. Kituo kilichopunguza zaidi ya ilivyotakiwa kiliweza kuuza vibali vyake vya ziada kwa kilicholemewa. Mwaka uliofuata majimbo mengine yakajiunga. Wakati wa baridi vikomo hivyo havikutumika, na kwa watafiti tofauti hiyo ya misimu ikawa kama jaribio lililoandaliwa kwa makusudi. Mwaka 2017 wachumi Olivier Deschênes, Michael Greenstone na Joseph Shapiro walichapisha matokeo yake: ozoni ya hewani ilipungua, vifo vilipungua, na ununuzi wa dawa ulishuka kwa kiasi kilichokadiriwa kufikia dola milioni 800 kwa mwaka.

Ni nadra kazi ya fundi wa boila kuonekana waziwazi hivyo katika hesabu za maduka ya dawa.

Gesi hizi huzaliwa kwa njia mbili. Joto la tanuri linapopanda sana, kiasi cha nyuzi 1,300 za Selsiasi na zaidi, naitrojeni ya hewani, ambayo kwa kawaida ni tulivu, huungana na oksijeni. Njia ya pili, iliyo kubwa zaidi katika makaa ya mawe, ni naitrojeni iliyofungika ndani ya makaa yenyewe. Kwa hiyo kupoza moto peke yake hakutoshi.

Kinachotoka katika dohani kwa wingi ni oksidi ya nitriki, gesi ambayo mwili wa binadamu nao huitengeneza ili kutanua mishipa ya damu, na ambayo madaktari huwavutisha watoto wachanga wenye shinikizo kubwa la damu kwenye mapafu. Ujamaa huo usimpumbaze mtu. Ikishafika hewani, gesi hiyo hugeuka dioksidi ya naitrojeni, ambayo huyeyuka kwa shida katika maji. Majimaji ya pua na koo, yanayoinasa sehemu kubwa ya dioksidi ya salfa, huiacha hii ipite hadi kwenye vijitawi vya mwisho vya mapafu. Jua likiiwakia pamoja na mivuke mingine, hutokea ozoni, tena mbali na kituo. Ndivyo moshi wa bonde la mto Ohio ulivyoweza kuwabana vifua wagonjwa wa pumu katika majimbo ya pwani ya mashariki. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango kinachopendekezwa cha wastani wa mwaka cha dioksidi ya naitrojeni kutoka mikrogramu 40 hadi 10 kwa kila mita ya ujazo ya hewa.

Tiba ya kwanza hufanyika ndani ya moto. Vichomeo maalumu huchelewesha hewa kukutana na unga wa makaa, ili kiini cha mwali kiwe na oksijeni haba. Hewa iliyosalia huingizwa juu zaidi. Gharama yake ni ya wastani, ila makaa yasiyoungua huongezeka katika majivu. Tiba yenye nguvu zaidi, iliyoanza kutumika Japani katika miaka ya 1970, ni kuchanganya amonia na moshi wenye joto la nyuzi 300 hadi 400, kisha kuupitisha kwenye kichocheo chenye vanadi na titani. Hutoka naitrojeni na mvuke wa maji, na asilimia 80 hadi 90 ya oksidi hizo huweza kuondolewa. Hapa mhudumu wa afya atalitambua jambo analolijua vyema: dozi. Amonia ikipungua, gesi hupita. Ikizidi, nayo hutoroka na kuungana na salfa kuwa chembe ndogo zinazodhuru mapafu.

Tena kuna mgonjwa mwenye dawa asiyeimeza. Mwaka 2016 jimbo la Maryland liliilalamikia serikali kuu ya Marekani kuhusu mitambo 36 katika majimbo mengine matano. Yote ilikuwa na vifaa vya kupunguza gesi hizi. Malalamiko yalikuwa kwamba wakati wa joto, ozoni inapopanda, vifaa hivyo havikuendeshwa ipasavyo. Ombi hilo lilikataliwa mwaka 2018.

Nchini Kenya, leseni ya mazingira ya kituo cha makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa Lamu ilifutwa mwaka 2019. Hata hivyo makaa ya mawe huchomwa katika matanuri ya saruji ya Afrika Mashariki, na matanuri hayo nayo hutoa oksidi za naitrojeni. Mganga anayealikwa kwenye kikao cha wananchi kuhusu mradi wa namna hiyo asiishie kuuliza kama kifaa cha kusafisha moshi kitafungwa. Aulize pia kitawashwa saa ngapi kwa siku, nani atapima kinachotoka, na vipimo hivyo vitabandikwa wapi ili zahanati ya jirani ivisome.