Kanuni ya Kitindamimba

Dada mmoja wa Mwamkulu, Katavi, ameniandikia. Ana mabinti 3, mdogo ana miezi 9, na ukweni wanamhimiza amwachishe ziwa ili atafute dume. Anauliza: kuna ubaya gani, maadamu mabinti wote wanapendwa na wanakula sinia moja?

Kwamba mbegu ya baba ndiyo huamua jinsia tumeshasema sana, nalipita. Kinachonivuta ni hesabu inayompunja binti hata katika nyumba isiyombagua.

Chukua familia 8. Kila moja inazaa mpaka ipate mvulana, ila haivuki watoto 3. Familia 4 zinapata mvulana mara ya kwanza, zinaacha. Mbili zinapata msichana, kisha mvulana. Moja, wasichana 2 ndipo mvulana. Ya mwisho, wasichana watupu 3. Jumlisha: wavulana 7, wasichana 7. Sawasawa! Sasa muulize kila mtoto ana ndugu wangapi nyumbani. Majibu ya wavulana ukiyajumlisha ni 4. Ya wasichana ni 12. Wavulana 4 hawana wa kugawana naye ugali. Msichana wa hivyo hayupo hata mmoja.

Desturi hii ya kuzaa mpaka mvulana apatikane, wengine wangeiita kanuni ya kukoma kuzaa. Silitaki jina hilo, linanuka ukomo wa hedhi. Kiswahili kina kitindamimba, na kutinda ni kukata: hapa mvulana ndiye anayekata safari ya uzazi. Basi iwe kanuni ya kitindamimba.

Turudi kwenye ziwa. Mtoto anaponyonya, mwili wa mama huchelewa kupevusha yai. Anayetaka mimba upesi huachisha upesi. Mwaka 2011 Seema Jayachandran na Ilyana Kuziemko walionyesha, kwa takwimu za India, kwamba wasichana hunyonyeshwa muda mfupi kuliko wavulana, hasa mama akiwa bado hana mtoto wa kiume.

Dada, wewe unayajua majaruba ya mpunga. Maji yanaingia jaruba la kwanza, miche inaanza kushika. Mwenye shamba ana haraka na jaruba la mbele, analiziba hili kabla halijashiba. Hakuchukia miche ile. Hakung'oa hata mmoja. Lakini udongo unapasuka, na magugu, ambayo maji yalikuwa yanayazuia, yanapanda. Ziwa nalo ni chakula na kinga pamoja; likizibwa, kuhara hupata mlango. Bibi zetu waliokataza kubemenda mtoto waliliona jambo hili, ingawa kisa chake walikieleza vingine.

Kweli, Afrika kusini mwa Sahara wengi hupenda mchanganyiko, na binti huleta ng'ombe wa mahari. Lakini Katavi, ambako utafiti wa 2015/16 ulikuta wasichana 45 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 19 wameshazaa au ni wajawazito, mama huanza kudaiwa mvulana akiwa bado binti mwenyewe.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye hadi miaka 2 au zaidi. Nenda kliniki, uliza njia ya uzazi wa mpango inayomfaa anayenyonyesha. Wa kwako bado anadai miezi 15.