Bodi za shule Texas: Mipaka ya mtendaji na ya bodi yenyewe

Shule nyingi za umma katika jimbo la Texas, Marekani, husimamiwa na wilaya za elimu. Kila wilaya ina bodi, ambayo kwa kawaida huchaguliwa na wananchi, na bodi hiyo ndiyo humwajiri mtendaji mkuu wa shule zote.

Mwongozo wa Wakala wa Elimu wa jimbo hilo, uitwao Lone Star Governance, unaitaka bodi kuweka mambo mawili. La kwanza ni malengo, kama vile asilimia ya wanafunzi wa darasa la 3 watakaomudu kusoma ifikapo mwaka uliopangwa. La pili ni mipaka, yaani mambo ambayo mtendaji haruhusiwi kuyafanya hata akiwa mbioni kufikia lengo. Ndani ya mipaka hiyo, njia huchagua mwenyewe. Bodi humpima kwa matokeo.

Hata hivyo, bodi nayo ina mipaka yake. Oktoba 2018, wajumbe wa Houston, wilaya kubwa kuliko zote Texas, walipiga kura ya ghafla kumbadilisha mtendaji wa muda, kisha wakautengua uamuzi huo. Uchunguzi wa Wakala ulidai kuwa baadhi yao walikutana kwa siri, kinyume cha sheria ya mikutano ya wazi.

Madai hayo, pamoja na matokeo duni ya miaka mingi katika sekondari ya Wheatley, yalikuwa miongoni mwa sababu za jimbo kuingilia kati. Baada ya mvutano mahakamani, Juni 2023 wajumbe 9 waliochaguliwa waliondolewa madarakani na nafasi zao kujazwa na wateule wa jimbo.

Wapiga kura wa Houston ndio waliopoteza sauti.