Nyota Nne Katika Bendera: Uhuru wa Ngazija na Kisiwa Kilichobaki Nyuma

Bendera ya Muungano wa Komoro ina nyota nne na mistari minne, na kila mstari una kisiwa chake: Ngazija, Nzuwani, Mwali na Maore. Kisiwa cha nne, ambacho wengi hukiita Mayotte, hakitawaliwi na bendera hiyo hata siku moja. Tangu mwaka 2011 ni mkoa kamili wa Ufaransa, hutumia yuro, na watu wake hupiga kura kumchagua rais aliyeko Paris.

Wasomaji wetu wa Mombasa, Lamu na Malindi hawahitaji kuelezwa Wangazija ni nani. Wameoana nao, wamesoma kwao, na wengine ni wao wenyewe. Habib Swaleh, aliyeuasisi msikiti na chuo cha Riyadha kule Lamu, asili yake ni Ngazija. Sayyid Ahmad bin Sumait, kadhi mashuhuri wa Unguja, alizaliwa huko. Ila sisi tuandikao haya tupo Masimba, juu ya vilima vya Kisii, kwenye migomba na mashamba ya chai, na tumeona watoto wetu madrasani humu wanazijua habari za Palestina kuliko za visiwa vilivyo jirani na Lindi na Mtwara. Ndipo tukaonelea habari hii istahili kuandikwa kwa kirefu kidogo, maana ni habari ya jamaa zetu, na pia ni habari ya serikali na ofisi zake, jambo ambalo mtu wa bara hulielewa vizuri kama wa pwani, na pengine zaidi.

Ufaransa ilianza na Maore. Mwaka 1841 iliupata kwa mkataba na Andriantsoly, mfalme mwenye asili ya Madagaska aliyekuwa akikitawala kisiwa. Visiwa vitatu vilivyobaki viliingia chini ya himaya yake mwaka 1886. Baadaye vyote vinne vikaunganishwa, vikawekwa chini ya Madagaska kwa muda mrefu, na mwaka 1946 vikatengwa na kuwa na utawala wao. Makao makuu yalikuwa Dzaoudzi, mwamba mdogo kandokando ya Maore.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo, na tungependa msomaji atulie napo. Mwaka 1958 baraza la visiwa liliamua kuyahamisha makao makuu kutoka Dzaoudzi hadi Moroni, kisiwani Ngazija. Kwa karatasi uamuzi huo ulikuwa na mantiki yake: Ngazija ndicho kisiwa kikubwa na chenye watu wengi. Lakini ofisi haihami peke yake. Inapohama, huondoka na makarani, na mishahara ya makarani, na mwenye duka aliyewauzia mchele, na mama aliyewafulia nguo, na fundi aliyewashonea kanzu. Uhamisho ulipotekelezwa katika miaka ya 1960, Dzaoudzi na Pamandzi zilibaki na nyumba tupu. Waume walifuata kazi Moroni. Wake wengi wakabaki na watoto bila riziki.

Wanawake hao hawakukaa kimya. Wakiongozwa na Zéna M'Déré, walibuni silaha isiyo na damu: kiongozi wa serikali ya Moroni akikanyaga Maore, walimzingira kundi zima na kumtekenya mpaka akashindwa kustahimili, akarudi alikotoka. Wafaransa wakawaita "watekenyaji". Mtu aweza kucheka, nasi tulicheka tulipoisoma habari hii mara ya kwanza, lakini waliotekenywa hawakucheka muda mrefu. Kutokana na kina mama hao likakua vuguvugu lililodai Maore ibaki na Ufaransa. Kwa kadiri tuelewavyo, hawakuipenda Paris kwa kuwa ni Paris. Walichokataa ni kutawaliwa na Moroni, iliyokwisha kuwaonyesha namna itakavyowatendea.

Wakati huohuo Wangazija waliokuwa Tanganyika walikuwa wameanzisha chama cha ukombozi mjini Dar es Salaam, MOLINACO, kikidai uhuru wa visiwa vyote. Juni 1973 Ufaransa ilikubali kimsingi kwamba uhuru utapatikana katika muda wa miaka mitano. Kura ya maoni ikapigwa tarehe 22 Desemba 1974. Kwa jumla ya visiwa vyote, takriban asilimia 95 walitaka uhuru. Kwa Maore peke yake, karibu thuluthi mbili walisema hapana.

Je, kura hiyo ihesabiwe kwa pamoja, au kisiwa kwa kisiwa? Sheria ya Ufaransa iliyoitisha kura ilikuwa imetaja "wananchi wa Komoro" kwa neno linaloonyesha umma zaidi ya mmoja, na tofauti hiyo katika maandishi ya Kifaransa ni herufi moja tu. Paris ikaishikilia herufi hiyo. Mwanzoni mwa Julai 1975 Bunge la Ufaransa likaongeza sharti kwamba katiba mpya lazima ikubaliwe na kila kisiwa peke yake. Ahmed Abdallah, kiongozi wa serikali ya visiwa, aliona mtego, naye tarehe 6 Julai 1975 akatangaza uhuru pasi na kungoja. Mwezi wa Novemba mwaka huo Umoja wa Mataifa ukaipokea Komoro kuwa nchi ya visiwa vinne, Maore ikiwemo, na hadi leo Baraza Kuu halijapata kulifuta neno hilo.

Kwa sheria ya kimataifa Moroni ilikuwa na haki, nasi hatuoni shaka katika hilo. Mipaka ya koloni haikatwi vipande siku ya uhuru. Lakini mwenye haki naye huulizwa aliwafanyia nini wale anaowadai.

Ufaransa iliondoa walimu, madaktari na mafundi wake, na ikakata fedha zake. Abdallah hakumaliza hata mwezi. Tarehe 3 Agosti alipinduliwa, na punde madaraka yakamfikia Ali Soilih, msomi wa mambo ya kilimo. Huyu alitaka kuijenga nchi upya kutoka chini. Alivunja utumishi wa serikali na kuwafukuza maelfu ya watumishi, akaamuru kumbukumbu za ofisi zichomwe moto, akawapa vijana wa shule madaraka ya kuwasimamia wazee. Aliandikisha mambo ya serikali kwa lugha ya Kingazija badala ya Kifaransa, na akaigawa nchi katika vitengo vidogo vilivyoitwa mudiria, kila kimoja kikusudiwe kuwa na ofisi, posta na huduma zake karibu na mwananchi. Wazo hili la mwisho twaliona kuwa bora kuliko yote aliyoyafanya. Sisi ambao Masimba yetu ina ofisi za Masaba Kusini twajua faida ya mama kupata hati ya kuzaliwa ya mwanawe bila kulipa nauli ya kwenda mji mkuu. Lakini aliufungua mlango kwa mkono mmoja na kuwadhalilisha masheikh na wazee kwa mkono wa pili, huku vijana wake wakiwatia watu hofu majumbani mwao. Misiba nayo haikumngoja: mwishoni mwa 1976 Wangazija waliuawa kwa mamia katika mji wa Majunga, Madagaska, na maelfu ya walionusurika wakarudishwa nyumbani kwa ndege za shirika la Sabena, hata wakabandikwa jina hilo, "Masabena". Aprili 1977 mlima Karthala ulilipuka. Mei 1978 mamluki Mfaransa Bob Denard alitua pwani usiku, Soilih akaangushwa na baadaye mwezi huo akauawa. Abdallah akarejeshwa, na mamluki wakawa ndio wenye nguvu nyuma ya kiti chake mpaka alipouawa naye, Novemba 1989.

Kuna jambo moja ambalo mkulima wa Kisii atalielewa upesi. Komoro huishi kwa vanila, karafuu na mafuta ya mlangilangi, na fedha ambazo watoto wake walioko Ufaransa hutuma nyumbani. Bei za mazao hayo hazipangwi Moroni. Sisi nasi huchuma majani chai na kuyapeleka viwandani kama Kiamokama, kisha chai husafiri hadi mnadani Mombasa, ambako wanunuzi wa mbali hukata bei, na bonasi ya mwisho wa mwaka hutegemea mnada huo. Tofauti ni kwamba chai ikianguka bei, bado tuna mahindi, ndizi na maziwa, na jirani wa kaunti ya pili. Kisiwa hakina jirani wa kaunti ya pili.

Kosa la Dzaoudzi lilirudiwa Nzuwani. Watumishi walikaa miezi bila mishahara, madaraka yote yakiwa yamerundikwa Moroni, na Agosti 1997 kisiwa kikajitangaza kimejitenga, kikaomba hata kurudi chini ya Ufaransa, nayo ikakataa. Ilichukua miaka minne kupata dawa. Kwa makubaliano yaliyofikiwa Fomboni, mji wa Mwali, kisiwa kidogo kuliko vyote vitatu, na katiba ya Desemba 2001, kila kisiwa kilipewa serikali yake, na urais wa Muungano ukawa wa zamu. Mwaka 2008 kiongozi mmoja wa Nzuwani alipogoma kuondoka, askari wa Umoja wa Afrika kutoka Tanzania na Sudan walisaidia kumwondoa. Zamu ilizunguka visiwa vyote vitatu, na mwaka 2011 hata Mwali ikatoa rais. Kisha kura ya maoni ya Julai 2018 ikaibadili, rais akaruhusiwa vipindi viwili mfululizo kabla ya zamu kuhama. Twaona hapo pametolewa tofali ambalo lilikuwa likibeba dari.

Na Maore? Ili iwe mkoa wa Ufaransa ilibidi ibadilishe desturi. Mahakama za makadhi zilinyang'anywa hukumu zao, ndoa ya mitara ikapigwa marufuku kwa ndoa mpya, na umri wa bi arusi ukapandishwa hadi miaka 18. Sharti hili la mwisho hatulilaumu. Lakini la makadhi latupasa kulipima na letu. Pwani ilipojiunga na Kenya, barua za Oktoba 1963 baina ya Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, ziliahidi kwamba Kadhi atabaki, na leo mahakama hizo zimo katika Ibara ya 170 ya Katiba ya 2010. Waislamu wa Maore walichagua usalama wa dola kubwa, na bei yake ilikuwa hiyo.

Januari 1995 Ufaransa iliweka viza kwa Mkomoro yeyote aingiaye Maore. Kabla ya hapo mtu alivuka kutoka Nzuwani, yapata kilomita 70, kumzika shangazi au kumwoza binti, akarudi. Sasa huvuka usiku katika mashua ndogo zinazoitwa kwasa-kwasa. Ripoti ya maseneta wa Ufaransa ya mwaka 2012 ilikadiria waliokufa maji tangu 1995 kuwa wasiopungua 7,000. Miongoni mwa wavukao wamo wajawazito na wagonjwa, kwa sababu hospitali iliyo nzuri iko upande ule; wadi ya uzazi ya Mamoudzou na matawi yake huzalisha watoto karibu 10,000 kwa mwaka. Aprili 2023 Ufaransa ilianza operesheni ya kubomoa vibanda na kuwarudisha wasio na karatasi, na kwa siku kadhaa Moroni ilizikataa meli zilizowaleta, ikisema mtu hafukuzwi kutoka nchini mwake kupelekwa nchini mwake.

Tarehe 14 Desemba 2024 kimbunga Chido kiliipiga Maore na kuyafagia mabanda ya mabati vilimani. Wengi wasio na karatasi hawakwenda kwenye makimbilio yaliyotengwa, wakihofia kukamatwa, na waliokufa walizikwa haraka kama ada yetu ilivyo, kwa hiyo hesabu rasmi, watu wapatao 40, haikuaminiwa na wengi. Moroni ilitangaza wiki moja ya maombolezo ya kitaifa kwa ajili ya kisiwa ambacho haijapata kukitawala. Katika nyumba nyingi za Nzuwani tanga lilikuwa limekwisha kuwekwa kabla tangazo halijasomwa.