Bure, Huru na Kukodi: Istilahi za Programu za Kuhariri Picha

Mapema mwaka huu tulipokea barua kutoka ofisi moja mjini Tabora. Ofisi hiyo ilikusudia kuandaa tovuti ya kuwaelekeza wageni kwenye njia kuu ya kale ya misafara, ile iliyoanzia Bagamoyo, ikapita Unyanyembe na kufika Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Picha zilikwisha kupigwa: tembe la Kwihara walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, miembe mikongwe, na stesheni ya reli iliyofika Tabora mwaka 1912. Kilichokosekana ni programu ya kuzihariri. Kijana mmoja wa ofisi aliandika dokezo akipendekeza programu ya bure. Dokezo likarudi na maneno machache ya mkubwa wake pembeni, kwamba kazi ya umma haifanywi kwa vitu vya bure. Ikanunuliwa programu ya gharama kubwa. Baada ya miezi kumi na miwili programu hiyo ilikataa kufanya kazi, na waliotuandikia walitaka kujua kama wameibiwa.

Hawakuibiwa. Neno bure liliwanyima programu iliyowafaa, na neno kununua likawauzia isiyouzwa. Kwa kuwa makosa yote mawili ni ya istilahi, na fedha zilizopotea ni za wananchi, twaona inafaa kuyaeleza kwa kirefu kidogo.

Tuanze na bure. Neno hili lina maana mbili zinazokaa nyumba moja. Maana ya kwanza ni bila malipo, kama dawa zitolewazo bure. Ya pili ni bila faida au bila thamani: maneno ya bure, kazi bure, mtu kufa bure. Msemaji wa kawaida hatatanishwi, kwani muktadha humwongoza. Lakini katika dokezo la ofisi hakuna muktadha wa kutosha, na mkubwa aliyesoma "programu ya bure" alisikia maana ya pili. Hatumlaumu. Mfasiri ndiye aliyepaswa kuandika isiyo na malipo.

Hata hivyo, isiyo na malipo nayo haitoshi. Programu ambayo kijana yule aliitaka ni GIMP, iliyoanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na kutolewa kwa watu wote mwaka 1996. Leseni yake inampa mtumiaji haki nne: kuitumia kwa kazi yoyote, kuchunguza jinsi ilivyoundwa na kuibadili, kuinakili na kumpa mwenziwe, na kuigawa hata baada ya kuibadili. Haki hizo zilielezwa na Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983. Kiingereza kina neno moja tu kwa kitu kisicholipiwa na kwa kitu kilicho huru, hata wenye mradi wakalazimika tangu mwanzo kueleza kwamba wanazungumzia uhuru, si bei. Kiswahili hakina shida hiyo. Tunalo neno huru, tulilolipokea kutoka Kiarabu na kulitumia mpaka likawa jina la siku ya taifa. Ni jambo la kushangaza kwamba wafasiri wetu wameiacha hazina hii na kuiga utata wa lugha nyingine.

Kwa hivyo twapendekeza programu huru kwa ile yenye haki nne zilizotajwa, na programu isiyo na malipo kwa ile ambayo hailipiwi lakini mwenyewe ameshikilia haki zake. Tofauti hii haikuzuliwa ili kuwapamba wanaistilahi. Photopea, kwa mfano, hufunguliwa ndani ya kivinjari na hutumika bila malipo pamoja na matangazo yake. Ni isiyo na malipo, wala si huru. Mwalimu anaruhusiwa kuinakili GIMP katika kompyuta zote za darasa na kuwapa wanafunzi waende nayo nyumbani. Akifanya hivyo kwa programu ya kibiashara, anavunja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, hata kama diski aliipata sokoni kwa shilingi elfu chache na muuzaji akaiita ya bure. Zaidi ya hayo, programu huru hutafsirika bila kuomba ruhusa. Ndivyo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walivyoweza mwaka 2004 kuitoa OpenOffice kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice.

Sasa tuje kwenye kununua. Photoshop, iliyoingia sokoni mwaka 1990, kwa miaka mingi iliuzwa ikiwa ndani ya kasha: mtu alilipa mara moja akabaki na toleo lake hata likichakaa. Tangu mwaka 2013 kampuni ya Adobe ilipoacha kutengeneza matoleo mapya ya kuuzwa namna hiyo, matoleo yake mapya hutolewa kwa malipo ya kila mwezi au mwaka. Malipo yakikoma, programu hufungwa. Huko si kununua. Baadhi ya wafasiri husema usajili, lakini neno hilo tayari lina kazi: husajiliwa vyama, magari na watoto wachanga, wala hakuna mtoto anayefutwa kwa kutolipiwa mwezi wa pili. Watu wa Tabora, mji wa baiskeli, wanajua vyema tofauti ya baiskeli ya kununua na ya kukodi. Twapendekeza basi programu ya kukodi. Mhasibu akiliona neno hilo katika dokezo atauliza mara moja: kwa mwezi kiasi gani, na mpaka lini? Hayo ndiyo maswali ambayo hayakuulizwa.

Mwenzetu mmoja alipendekeza hongo, kwa kuwa katika njia ya misafara hongo ilikuwa tozo aliyolipwa mtemi ili msafara upite katika nchi yake, na asiyeafikiana naye alifungiwa njia. Hoja yake ilikuwa na mantiki. Ila neno limekwisha kuhama; leo hongo ni rushwa, na hatukuona busara kuliingiza katika hati za malipo za serikali.

Kuhusu kazi yenyewe maneno ni machache. Mpagazi wa msafara alibeba kiasi cha kilo 30, na kirangozi aliyezidisha mizigo hakufika. Picha ya simu ya kisasa yenye pikseli milioni 12 huweza kuwa na megabaiti 4. Picha kumi za namna hiyo katika ukurasa mmoja ni mzigo kwa msomaji wa Sikonge au Urambo anayelipia kifurushi chake mwenyewe. Ikipunguzwa hadi upana wa pikseli 1,200 na kuhifadhiwa kwa muundo wa JPEG, mara nyingi hushuka chini ya kilobaiti 300, na jicho halioni tofauti kwenye skrini. Kitendo hicho cha pili twakiita kubana. JPEG hupoteza kidogo kila inapohifadhiwa upya, basi picha ya asili itunzwe kando. Kwa nembo, PNG yafaa zaidi, na kwa kuichora nembo yenyewe ipo Inkscape, programu huru tangu mwaka 2003.

Kukata kingo za picha kumetutaabisha. Neno la Kiingereza linalotumika lina pia maana ya zao la shambani, nasi tumeiona tafsiri iliyomwamuru mtumiaji avune picha. Twapendekeza kupogoa. Anayepogoa mwembe huondoa matawi yasiyotakiwa, na mti hubaki. Tembe la Kwihara, ambalo ni refu na fupi kwa kimo, lapogolewa mbingu na vumbi likabaki lenyewe. Wengine watasema neno ni la wakulima mno. Sisi hatuoni kasoro hapo. Kwa picha zinazopangwa moja juu ya nyingine, tabaka latosha.

Ofisi ya Tabora imeandika dokezo jipya. Wasomaji wenye pingamizi juu ya kupogoa, au wenye neno bora kuliko kukodi, wanaombwa watuletee kabla ya toleo lijalo, wakieleza wamelisikia wapi na kwa nani.